19 Julai: kutoka Berlin hadi Mlambalasi
Kila Julai, baridi ya Iringa ikishakaza, wanafunzi wangu huniletea orodha za "siku kama ya leo" walizookota mtandaoni. Mfalme fulani alizaliwa, meli ilizama, nchi ikapata uhuru. Mimi ni mwalimu wa historia na orodha hizo sizipendi: matukio yameanikwa kwenye kamba moja lakini hayajuani. Ipo tarehe moja tu ambayo huiandika ubaoni mwenyewe.

19 Julai 1898, Mlambalasi, hapa Iringa. Mtwa Mkwawa, mtawala wa Wahehe, alikuwa mafichoni tangu ngome yake ya Kalenga ilipoanguka Oktoba 1894. Wajerumani hawakuwa wamesahau Lugalo, pale Wahehe walipokiangamiza kikosi cha Emil von Zelewski tarehe 17 Agosti 1891, na kichwa cha Mtwa walikitangazia zawadi ya rupia 5,000. Siku hiyo askari walimkaribia. Akajipiga risasi, wasimpate hai. Walimkata kichwa, na fuvu likasafirishwa hadi Ujerumani.

Sasa rudi nyuma miaka 28. 19 Julai 1870, Ufaransa iliitangazia vita Prussia, ufalme mkubwa kuliko zote za Kijerumani. Wakati huo hapakuwa na dola moja la Ujerumani. Palikuwa na falme na miji iliyojitawala. Vita hivyo ndivyo vilivyowaunganisha Wajerumani, na tarehe 18 Januari 1871 mfalme wa Prussia alitangazwa Kaisari wa Ujerumani. Alitangaziwa wapi? Katika Ukumbi wa Vioo wa kasri la Versailles, ndani ya Ufaransa iliyokuwa ikielekea kushindwa. Dola hilo ndilo lililoanza kudai ardhi yetu mwaka 1885, na ndilo lililomwandama Mkwawa.

Tarehe zenyewe zimegongana tu, hakuna aliyezipanga, na hilo nawaambia wanafunzi kabla hawajaanza kunong'ona mambo ya nyota. Lakini kati ya 1870 na 1898 kuna njia inayopitika kwa miguu, hatua kwa hatua. Kwenye zile orodha zao njia kama hiyo siioni.

Na njia haikuishia Mlambalasi. Ujerumani iliposhindwa Vita Kuu ya Kwanza, Wafaransa waliichagua Versailles kwa makusudi, ukumbi uleule. Mkataba ulitiwa saini 28 Juni 1919, miaka mitano kamili tangu mrithi wa ufalme wa Austria alipouawa Sarajevo, mauaji yaliyowasha vita hivyo. Fungua kifungu cha 246. Humo Ujerumani inaamriwa kurudisha Qurani ya Khalifa Othman, na ndani ya miezi sita kuikabidhi serikali ya Uingereza fuvu la Sultani Mkwawa. Kila ninapokisoma darasani hunyamaza kidogo. Mtu wetu wa Kalenga yumo katika mkataba uliofunga vita ya dunia!

Mkataba ulianza kutumika Januari 1920. Ile miezi sita ikageuka miaka 34. Edward Twining, gavana wa Waingereza waliokuwa wakiitawala Tanganyika, ndiye aliyelifuata fuvu kwenye jumba la makumbusho la Bremen, akalikabidhi Kalenga tarehe 19 Juni 1954 kwa mjukuu wa Mkwawa, Chifu Adam Sapi, ambaye baadaye alikuwa Spika wa Bunge letu.

Fuvu liko Kalenga hadi leo. Kiwiliwili kiko Mlambalasi, kilikozikwa 1898.