Si kila utando wa kijani ni mwani

Siku hizi kwa wafugaji wa samaki wa mapambo hapa Arusha, "mwani sugu" ni jina la kila kitu: madoa kwenye kioo, ndevu nyeusi kwenye majani, maji yaliyogeuka kijani, na ule utando mlaini unaotandaa juu ya changarawe na kufunika mimea. Vitatu vya mwanzo ni mwani kweli. Huo wa mwisho siyo, na kwa kuwa unaitwa mwani, unatibiwa kama mwani, na mimea ndiyo inayoumia.

Mwani ni viumbe wa majini wanaojitengenezea chakula kwa mwanga, wasio na mizizi wala maua, na seli zao zina kiini. Inatosha kwa sasa.

Utando ninaousema ni sayanobakteria, yaani bakteria wanaotumia mwanga. Kuuchanganya na mwani kuna historia ndefu. Wataalamu wa mimea wa zamani waliona kitu cha kijani kinachoishi kwa mwanga, wakakiweka kundi moja na mwani na kukiita mwani wa kijani-buluu. Hadubini za elektroni zilipokuja, ndani ya seli hizo hakikuonekana kiini. Mwaka 1962 wanasayansi wa bakteria Roger Stanier na C. B. van Niel walieleza wazi mpaka kati ya bakteria na viumbe wenye kiini kwenye seli, na sayanobakteria wakabaki upande wa bakteria. Sisi wa huku tunaishi nao jirani: heroe wadogo wa Ziwa Natron hula sayanobakteria, jamii ileile ya spirulina inayotiwa kwenye vyakula vya samaki. Na ukijani wa kila jani ndani ya tangi lako umo kwenye vichembe vilivyotokana na sayanobakteria waliomezwa na seli nyingine zaidi ya miaka bilioni moja iliyopita. Viumbe hawa wanastahili kuitwa kwa jina lao.

Kuutambua hakuhitaji maabara. Mwani wa ndevu umeng'ang'ania jani la anubiasi, mmea wa tangini, hata ukiuvuta kwa vidole; ukiuchovya kwenye spiriti unageuka mwekundu, maana ni jamii ya mwani mwekundu. Madoa ya kijani kwenye kioo hayatoki mpaka uyakwangue kwa wembe. Sayanobakteria wanabanduka kipande kizima, kama utando wa maziwa yaliyopoa, wanateleza mkononi, na mara nyingi wana harufu nzito ya udongo au kuoza.

Hapo ndipo tiba zinapoachana. Wanaoitwa walaji wa mwani, konokono na kamba wadogo, kwa kawaida hawaugusi utando huo. Lakini ushauri unaoniudhi kuliko wote ni ule wa kusimamisha mbolea "ili mwani ufe njaa". Utando huu hupenda kuanza pale naitreti, yaani chakula cha naitrojeni cha mimea, ilipokwisha, maji yametulia na uchafu umejaa kwenye changarawe. Baadhi ya jamii za sayanobakteria huweza hata kutumia naitrojeni ya hewa, kitu ambacho mimea yako haiwezi. Ukikata mbolea, anayetangulia kufa njaa ni mmea, na nafasi yake inachukuliwa na utando. Floraidi nayo, ambayo maji ya upande huu wa Mlima Meru yanayo kwa wingi na inayotia meno rangi, watu huisingizia bure. Siyo chakula cha mwani wala cha bakteria hawa.

Unyonye utando kwa mpira, pamoja na uchafu wa kwenye changarawe, kisha badilisha karibu nusu ya maji. Zima taa, funika tangi lote kwa blanketi zito kwa siku tatu hadi nne, na acha pampu ya hewa ikifanya kazi muda wote, kwa sababu utando unaokufa hula oksijeni. Umeme ukikatika, funua uwatazame samaki. Ukimaliza, badilisha maji tena, elekeza mkondo wa filta kwenye kona zilizokuwa zimetulia, rudisha mbolea yenye naitreti, na taa iwake kwa muda wa saa sita hadi nane tu kwa siku.

Wapo wanaotia erithromaisini, na kweli inaua, kwa kuwa ni dawa ya bakteria. Mimi siishauri. Ni dawa ya kutibu watu, inaweza kuwagusa bakteria wazuri wa filta wanaosafisha maji, na ikizoeleka hivi inazaa usugu.

Kwa hiyo, ndugu yangu muuza samaki, mteja akikuonyesha picha ya utando wa kijani, kabla hujamuuzia konokono au dawa ya mwani, muulize kwanza kama unabanduka na kama unanuka. Akisema ndiyo kwa yote mawili, mwambie ni bakteria, kisha mweleze habari ya blanketi.