CCTV si kila kamera ya ukutani

Njiro, Sakina, Moshono, kote Arusha siku hizi kijikamera cheupe kikishabandikwa juu ya mlango kinaitwa CCTV. Fundi anakiita hivyo, muuza duka hivyo hivyo, na mwenye nyumba anaandika getini. Jamani.

CCTV (closed-circuit television) ni kamera ambazo picha zake zinaishia kwenye skrini au kisanduku cha kurekodia kilichounganishwa nazo, basi. Zile C mbili za mwanzo ndizo zenye uzito: zinasema mzunguko umefungwa, picha haitoki nje. Mmoja wa mifumo ya mwanzo ulifungwa Peenemünde, Ujerumani, mwaka 1942, ili wahandisi watazame roketi za V-2 zikirushwa huku wao wako mbali na mlipuko. Waya ulianzia kwenye kamera ukaishia kwa watazamaji. Aliyetaka kuchungulia ilibidi aufikie waya wenyewe.

Sasa hiyo yako unayoifungua kwenye simu ukiwa ndani ya daladala, picha inatoka sebuleni kwa waifai, mara nyingi inapitia sava ya kampuni, pengine nje ya nchi, ndipo ikufikie. Mzunguko gani umefungwa hapo? Mwaka 2023 tume ya Marekani inayolinda watumiaji iliishtaki Ring, kampuni ya kamera za nyumbani, kwa kuwaachia wafanyakazi wake nafasi ya kutazama video za faragha za wateja, na kampuni ikakubali kulipa dola milioni 5.8. Februari 2024, wateja wapatao 13,000 wa Wyze, kampuni nyingine ya kamera hizo, waliletewa picha za nyumba zisizo zao, kwa hitilafu tu, bila mdukuzi yeyote.

Hata kisanduku cha waya, fundi akikiunga na intaneti akaacha paswadi ya kiwandani, kimeshatoka kwenye jina hilo. Mirai, programu hasidi ya mwaka 2016, iliteka kamera na visanduku vingi duniani kwa kujaribu paswadi hizo hizo za kiwandani.

Sisemi uing'oe. Ya getini haina neno sana. Ya korido ambako watoto wanapita wakitoka kuoga, hiyo ningeitoa. Ila iite kamera ya mtandao. Na fundi akisema, "Mama, hii ni CCTV," muulize kwa upole picha zinatunzwa wapi, na paswadi muibadilishe kabla hajashuka kwenye ngazi.