Mlio Chini ya Gari: Uliza Kwanza Unafuata Nini

Mwezi haupiti bila mtu kuingiza gari kwenye karakana ya chuo chetu akiwa na risiti mkononi. Wa juzi alikuja na Toyota Noah inayovuma kuanzia spidi 50. Ameshabadilisha beringi za tairi za mbele, zote mbili, na mvumo uko palepale. Tukatoka nayo barabarani. Ilipoacha lami na kuingia barabara ya vumbi, mvumo ukakatika. Beringi haijui kama iko kwenye lami au kwenye vumbi, tairi linajua. Tulipopitisha kiganja juu ya matairi ya nyuma, upande mmoja mkono uliteleza, kuurudisha ukakwaruza kama meno ya msumeno. Matairi yalikuwa yameliwa vibaya, basi.

Tatizo letu ni kutaja kifaa kabla ya kusikiliza. Kati ya injini na tairi kuna klachi, giaboksi, propela (shafti ndefu inayopeleka nguvu kwenye difu), difu (gia zinazogawa nguvu kwa matairi mawili) na draivu shafti (inayotoka difu kwenda tairi), na kila kimoja kinazunguka kwa spidi yake. Chukua tairi la 195/65 R15, ambalo magari mengi madogo yanalivaa. Likizunguka mara moja, gari linasogea karibu mita 2. Kwenye kilomita 60 kwa saa linazunguka kama mara 8 kwa sekunde. Propela ya gari lenye difu ya uwiano wa 4 kwa 1 inazunguka mara nne ya hapo, zaidi ya 30 kwa sekunde. Kwa hiyo “du-du-du” ambayo sikio linakaribia kuihesabu, itafute kwenye tairi au habu, yaani kitovu cha gurudumu chenye beringi. Mtetemo wa haraka unaotikisa sakafu na kiti, angalia propela na krosi zake, yaani viungo vya umbo la msalaba kwenye ncha zake. Krosi iliyochoka hujitangaza pia kwa kugonga “ko!” mara moja unapotoka gia ya mbele kwenda rivasi.

Anza gari likiwa limesimama. Piga resi kidogo. Mlio ukipanda na resi wakati tairi halijasogea, habu na difu hazihusiki. Kwa gari la manyuo, weka nyutro kisha cheza na klachi: mlio ukiwepo mguu ukiwa juu na ukapotea ukikanyaga, mtuhumiwa ni beringi ya shafti inayoingiza nguvu kwenye giaboksi. Ikiwa ni kinyume, kimya hadi ukanyage, ni rilizi beringi, ile inayosukuma klachi unapokanyaga. Jaribio hili halina gharama, na sijui kwa nini mafundi wengi wanaliruka.

Halafu tafuta barabara tulivu. Ukifika 60, weka nyutro injini ikiwaka. Kwa otomatiki achia mafuta tu. Usizime injini hata kidogo, maana breki na usukani vitakuwa vizito, na ukichomoa ufunguo usukani unaweza kujifunga. Mvumo ukiendelea vilevile wakati injini imeshatulia, unafuata magurudumu. Sasa yumbisha gari taratibu. Ukikata kushoto, uzito unahamia kulia; mvumo ukiongezeka hapo, beringi ya kulia ndiyo ya kukagua kwanza.

Sivi jointi ya nje, kiungo cha draivu shafti kilicho karibu na tairi, haina siri. Kunja usukani hadi mwisho kwenye uwanja mtupu, ondoka polepole huku ukiongeza mafuta: “ta-ta-ta-ta.” Karibu kila mara utakuta mpira wake umechanika na grisi imerukia ndani ya rimu. Ukiuona mpira umechanika kabla ya mlio kuanza, badilisha mpira, safisha, weka grisi mpya. Ukisubiri, mchanga unasaga jointi, na hapo utainunua nzima.

Difu hulia kama mbu, tena kwa masharti: ukikanyaga mafuta inalia, ukiachia inanyamaza, au kinyume chake. Kabla ya kuifungua, chungulia oili. Ikiwa na rangi ya chai ya maziwa, maji yameingia. Wanaovuka madimbwi wakati wa masika wasishangae: difu ya moto ikitumbukia kwenye maji baridi, hewa iliyo ndani inasinyaa na kuvuta maji kupitia bomba la kupumulia au sili iliyochakaa. Na kama una pikapu yenye foo wili ya kuchomeka (unayoiweka mwenyewe ili magurudumu yote manne yavute), ukaisahau imechomekwa kwenye lami kavu, itagugumia na kukaza kwenye kona kali. Chomoa kwanza ndipo umpigie fundi.

Mlio wa kugonga ulioanza baada tu ya kuziba pancha ni habari nyingine. Simama hapohapo, kagua nati za tairi.

Mwisho ni kwa mafundi na wenye magari wanaopenda kusimamia kazi. Ukiinua tairi moja tu kati ya yale yanayozungushwa na injini, ukalizungusha kwa injini ili usikilize mlio, difu ya kawaida inalipa tairi hilo mzunguko wote. Spidi mita ikisoma 50, tairi lililo hewani linakwenda 100. Inua yote mawili, weka stendi chini ya chasisi, na jeki isibaki peke yake na uzito wa gari wakati kichwa chako kiko chini.