Mzee akichelewa kujibu, kilichopungua ni nini?

Mpe kijana na mzee kazi moja: nyota zinatokea kwenye skrini, zikiwa chache bonyeza kushoto, zikiwa nyingi bonyeza kulia. Kwa kawaida mzee atachelewa, na watu watasema akili yake imepungua kasi. Wastani wa muda wa kujibu hauthibitishi hilo hata kidogo, maana ndani yake mna mambo matatu yaliyochanganyika.

Modeli, yaani maelezo ya kihesabu ya jinsi mtu anavyoamua, aliyoitoa mwanasaikolojia Roger Ratcliff mwaka 1978 inayatenganisha. Inachukulia kwamba akili hukusanya ushahidi kidogo kidogo, ushahidi ukiyumba huku na huku, mpaka uguse mmoja wa mipaka miwili. Hapo ndipo jibu hutoka. Kasi ya kukusanya tunaiita v. Umbali kati ya mipaka, yaani tahadhari ya mtu, ni a. T ni muda wa kuona na kusogeza kidole, nje ya uamuzi wenyewe. Ratcliff, Thapar na McKoon walipoitumia kwa kazi ya aina hii mwaka 2001, v ya wazee ilikaribiana na ya vijana. Kilichozidi ni a na T. Mwaka 2003 waliwapima watu kwa herufi zinazoonekana kwa kitambo kifupi sana, na huko v ya wazee ilishuka kweli. Kwa hiyo usichukue matokeo ya kazi moja ukayavika nyingine.

Huhitaji kompyuta kubwa kuanza. Njia ya mkato ya kupata v, a na T, ya Wagenmakers, van der Maas na Grasman (2007), inaingia hata kwenye Excel. Unahitaji namba tatu: P, sehemu ya majibu sahihi, M, wastani wa muda wa majibu sahihi, na V kubwa (si v ndogo ya kasi), variansi ya muda huo, yaani kipimo cha jinsi muda unavyotawanyika kuzunguka wastani. Hapa chini ln ni logi asilia, na ^(1/4) ni kipeo cha robo. Kisha:

L = ln(P ÷ (1 − P))
v = 0.1 × [L × (L×P² − L×P + P − 0.5) ÷ V]^(1/4)
a = 0.01 × L ÷ v
T = M − (a ÷ 2v) × (2P − 1)

Weka P = 0.802, M = 0.723, V = 0.112. Utapata v ya karibu 0.10, a 0.14 na T 0.30. Muda lazima uwe kwa sekunde; ukiingiza milisekunde, v inakaribia sifuri na a inavimba ovyo. Ile 0.1 ni kipimo cha myumbo kilichochaguliwa kwa mazoea tu. Programu nyingine hutumia 1, na humo v na a hutoka mara 10 zaidi, kwa hiyo kabla ya kulinganisha namba zako na za mwenzako muulize kwanza katumia kipi. P ikiwa 1 kamili, hesabu inagoma. Weka 1 − 1/(2N), ambapo N ni idadi ya maswali.

Balaa kubwa ni V. Chukua majibu sahihi 100 yenye M na V za hapo juu, halafu ongeza moja la sekunde 5: simu imeita, mtu kageuka. P ikibaki ileile, M inapanda hadi 0.765 tu, lakini V inaruka hadi 0.29. Sasa v ni 0.079, a 0.178 na T 0.084. Jibu moja limemfanya mtu aonekane mzito wa kukusanya ushahidi na mwenye tahadhari kupita kiasi, tena anayeona na kubonyeza kwa milisekunde 84, jambo lisilowezekana. T ikishuka hivyo, rudi kwenye data ghafi kabla ya kuandika chochote kuhusu akili ya mtu.

Ukomo wa kukata majibu ya haraka mno au ya kuchelewa mno, mfano chini ya sekunde 0.2 na juu ya 3, uamue kabla ya kuona matokeo na uutumie kwa makundi yote. Ila ukomo wa juu uwe mpana: ukiwa mkali utakata majibu halali ya wazee, na tofauti ya a uliyokuwa unaitafuta itaondoka nayo.

Njia hii pia hudhani kila mtu anaanzia katikati ya mipaka. Ukimwambia mshiriki kwamba nyota zitakuwa nyingi mara 8 kati ya 10, ataanza akiwa ameegemea upande mmoja, na fomula haina pa kuliweka hilo. Hapo tumia modeli kamili, inayosoma mgawanyo mzima wa muda, ikiwemo wa makosa. Nayo inataka makosa ya kutosha: mtu aliyekosea mara 3 tu hana mgawanyo wa kusomwa, kwa hiyo fanya kazi iwe ngumu zaidi.