Mshahara Mmoja, Wodi Mbili

Kila ninapowauliza wauguzi wa hapa Kisumu na kaunti jirani kinachowachosha kazini, jibu la kwanza huwa mshahara na upungufu wa watu, nami sina sababu ya kulipinga: mgomo wa mwaka 2017, uliodumu takriban miezi mitano, haukuzuka bure. Hata hivyo, jibu hilo halielezi jambo ambalo limenishughulisha kwa miaka mingi ya kutafiti mazingira ya kazi, nalo ni kwamba wodi mbili za hospitali moja, zenye mshahara uleule na uhaba uleule, huweza kutofautiana kiasi kwamba moja haikaukiwi na maombi ya watu wanaotaka kuihama ilhali nyingine watu wanaililia.

Mwaka 1959 mwanasaikolojia wa Marekani Frederick Herzberg na wenzake walipendekeza kwamba malipo duni na kanuni mbovu huleta kero, lakini kuziondoa hakutoshi kumfanya mtu aipende kazi yake, kwa kuwa mapenzi hayo hutokana na kazi yenyewe na kutambuliwa. Nadharia hiyo imekosolewa sana, na mimi naona inasahau kwamba mshahara husomwa pia kama kipimo cha heshima, ila kwa kuanzia inafaa. Kwa upimaji, ninatumia zaidi dodoso la mazingira ya kazi ya wauguzi lililotungwa na mtafiti Eileen Lake mwaka 2002, ambalo kauli zake 31 zinagusa, pamoja na mengine, uongozi wa msimamizi, utoshelevu wa watu na vifaa, na uhusiano wa wauguzi na madaktari.

Mwaka huohuo mtafiti wa uuguzi Linda Aiken na wenzake, waliochunguza hospitali 168 za Pennsylvania, Marekani, walionyesha kwamba kila mgonjwa anayeongezwa kwenye mzigo wa muuguzi aliambatana na ongezeko la asilimia 15 la uwezekano wa muuguzi huyo kutoridhika na kazi. Huko wastani ulikuwa kati ya wagonjwa wanne na wanane kwa muuguzi. Muuguzi wa hapa kwetu anayelinda wodi peke yake usiku, wagonjwa wakilala wawiliwawili kitandani, yuko nje kabisa ya mizani hiyo.

Mimi nikiingia wodini huanza na ratiba ya zamu. Katika hospitali moja nisiyoitaja, ratiba ya wodi ya kwanza ilibandikwa Jumapili jioni kwa ajili ya Jumatatu, na aliyewahi kubishana na msimamizi alijikuta akipangiwa usiku mfululizo. Muuguzi mmoja aliniambia, tukinywa chai (aliyoilipia yeye, si mtafiti), kwamba usiku haukumuumiza kama kuomba siku mbili za kwenda matangani Siaya na kunyimwa bila kuelezwa sababu. Katika wodi ya pili, msimamizi huandika rasimu kwa penseli wiki mbili kabla, huiacha mezani watu wabadilishane wao kwa wao, kisha ndipo hutia wino. Tena daktari akimkaripia muuguzi mbele ya wagonjwa, msimamizi huyo hungoja raundi iishe, akamwita daktari pembeni.

Glavu huisha katika wodi zote mbili kabla ya mwezi kwisha, na hilo penseli haiwezi kulitatua. Ndiyo maana katika ripoti zangu kwa wakuu wa hospitali sasa ninatenganisha yanayosubiri bajeti na yanayoweza kubadilika Jumatatu ijayo, mgawanyo ambao wahasibu wanaupenda kuliko ninavyotaka.