Maana ya kupasua lami kwa kichocheo

Kiwanda cha TIPER pale Kigamboni, kabla hakijabaki matangi ya kuhifadhia, kilichemsha mafuta ghafi na kuyatenga kwa uzito: petroli juu, dizeli katikati, mazito chini. Kuchemsha hutenga tu kilichomo. Lami ya mchanga wa Athabasca, Kanada, karibu haina petroli ya kutengwa. Ni nzito kama ile inayolainika barabarani Kariakoo saa saba mchana bila kutiririka, kwa hiyo molekuli zake hazina budi kukatwa vipande vidogo, yaani kupasuliwa.

Kichocheo (kitu kinachoharakisha mabadiliko bila chenyewe kuliwa) kinachozikata ni unga wa zeolaiti, madini yenye vitundu vidogo mno, chembe za mikroni 70 hivi, unene wa unywele. Ukipulizwa kwa mvuke au hewa, unga huo hutiririka kama maji. Mafuta hunyunyiziwa chini ya bomba la wima, yakakutana na unga wenye nyuzi joto 700 hivi za Sentigredi. Hugeuka mvuke papo hapo, hupanda na unga, na ndani ya sekunde 2 hadi 4 yamekwisha kupasuka. Juu ya bomba joto ni nyuzi 500 na kitu.

Chembe zinatoka nyeusi, zimegandwa na kaboni. Huoshwa kwa mvuke wa maji, kisha huingia tanuri la pili ambako kaboni huunguzwa kwa hewa. Joto la moto huo ndilo linalorudi na unga kupasua mafuta mengine.

Basi ukiitia lami yenyewe, kaboni inazidi, joto la tanuri linapanda kupita kiasi, na kichocheo kinakufa. Isitoshe, lami ina metali. Vanadiamu hubomoa zeolaiti; nikeli hupokonya mafuta hidrojeni na kuzidisha kaboni. Ndiyo maana lami hupikwa kwanza kwenye mtambo wa koki (masalia magumu ya kaboni), ambako metali na kaboni nyingi hubaki, halafu mafuta yanayotoka husafishwa salfa na naitrojeni kwa hidrojeni yenye shinikizo kubwa. Wengi wanaoeleza jambo hili huiruka hatua hii, na ndiyo ngumu kuliko zote.

Metali zikipenya, dalili ya mapema ni hidrojeni kuongezeka kwenye gesi inayotoka na kompresa, mashine ya kuigandamiza, kuzidiwa; petroli hupungua. Mafundi hutoa sehemu ya unga mkuukuu kila siku na kuongeza mpya, na nikeli huidhibiti kwa kutia antimoni, elementi inayoizima, kwenye mafuta yanayoingia.