Kazi za vikundi kwenye somo la Kiingereza: mzazi aangalie nini

Tangu muhula huu uanze, malalamiko ya aina moja yamekuwa yakifika ofisini kwetu kutoka kata mbalimbali za Jiji la Tanga, kuanzia Ngamiani hadi Pongwe: kwamba walimu wa Kiingereza wa sekondari siku hizi hawafundishi, wanawapanga watoto kwenye vikundi kisha wao wanakaa. Wengine wanaongeza kwamba mtoto anarudi nyumbani na daftari lisilo na nukuu. Sisi wathibiti ubora wa shule tumeona tutoe ufafanuzi, kwa kuwa sehemu ya malalamiko hayo ni ya haki, na sehemu nyingine, tuseme ukweli, inatokana na mazoea ya kupima kipindi kwa idadi ya kurasa zilizojaa.

Tuanze na hesabu. Kipindi kimoja ni dakika 40. Chukua mkondo wenye wanafunzi 60. Mwalimu akizungumza nusu ya kipindi, na nusu iliyobaki akauliza mmoja mmoja, kila mwanafunzi anapata sekunde 20 za kufungua mdomo, tena kama hakuna anayesitasita. Dakika hizo hizo 20, wakikaa wawili wawili na kupeana zamu, kila mmoja ana dakika 10. Wakikaa wanne wanne, dakika 5. Kwa mtoto aliyesoma darasa la kwanza hadi la saba kwa Kiswahili, na ambaye akitoka getini hakuna atakayemsemesha Kiingereza si sokoni si kwenye daladala, dakika hizo 5 hazipatikani kwingine. Mzazi atakayesema afadhali twisheni, kwanza aende akahesabu wamekaa wangapi huko twisheni.

Lakini kuwapanga wanafunzi si kuwapa kazi, na hapa ndipo wazazi wana hoja. Mhandisi wa kilimo wa Ufaransa, Max Ringelmann, alichapisha mwaka 1913 matokeo ya kupima nguvu za watu wakivuta kamba. Walipokuwa wanane, kila mmoja alivuta takriban nusu tu ya nguvu aliyoitoa akiwa peke yake. Wape wanafunzi wanane karatasi moja ya manila na maka peni moja, utayaona yale yale: mwenye mwandiko mzuri anaandika, anayejiamini anakwenda kusoma mbele, sita wanasubiri kengele. Tukikuta hali hiyo tunaiandika kwenye taarifa, hata kama andalio la somo lina neno "majadiliano" kila mstari.

Kikundi hufanya kazi pale kila mwanafunzi anaposhika kitu ambacho wenzake hawana, na kila mmoja akajua kwamba mwisho atajibu peke yake. Njia mojawapo ilianzishwa na mwanasaikolojia Elliot Aronson mwaka 1971 huko Austin, Texas, wakati shule za huko zilikuwa zimeanza kuwachanganya watoto weusi na weupe na madarasa yakawa na uhasama. Habari hukatwa vipande. Kila mwanafunzi hupewa kimoja, hukutana kwanza na wa vikundi vingine wenye kipande kama chake ili wakielewe, kisha hurudi kuwafundisha wenzake.

Tumewahi kukaa nyuma ya darasa la kidato cha pili hapa hapa Tanga tukaona ikifanyika vizuri. Mwalimu aliandika aya nne fupi za Kiingereza kuhusu mkonge. Ya kwanza ilimhusu Richard Hindorf, Mjerumani aliyeuleta mwaka 1893. Ya pili ilieleza safari ya machipukizi 1,000 kutoka Florida kupitia Hamburg. Ya tatu ilisema ni 62 tu yaliyofika hai. Ya nne ilihusu shamba la Kikogwe, karibu na Pangani, na jinsi miaka ya 1960 nchi ilivyofikia kuzalisha zaidi ya tani 200,000 kwa mwaka. Binti aliyekuwa na aya ya safari alimuuliza mwenzake, kwa Kiingereza, mimea mingapi ilipona. Kitenzi kilikuwa cha umoja. Akajibiwa, akasikia kumi na sita, akaandika 16. Mwenzake akachungulia daftari, akatikisa kichwa, akarudia taratibu huku akichora 62 juu ya dawati kwa kidole. Mwalimu alikuwa amesimama pembeni na kijidaftari. Hakuwakatiza, kosa la kitenzi alilirudisha ubaoni dakika tano za mwisho, pamoja na mengine aliyoyasikia, bila kutaja ya nani. Kisha akaita namba. Kila kikundi kilikuwa na namba moja hadi nne, na aliyeitwa alisimama kueleza habari nzima, si kipande chake tu.

Daftari la binti yule siku hiyo lilikuwa na mistari sita. Mzazi wake angeweza kabisa kutuandikia barua.

Suala la Kiswahili ndani ya kikundi. Wanafunzi kuulizana kwa Kiswahili "hapa wanataka nini?" si kosa; kinachotakiwa kiwe Kiingereza ni kile wanachokitoa mwishoni na maswali yaliyopangwa. Tunasikia bado kuna shule zinazomvalisha mtoto kibao shingoni au kumchapa kwa kuongea Kiswahili. Tukumbushane. Kanuni za adhabu ya viboko za mwaka 2002 zinaruhusu adhabu hiyo kwa utovu mkubwa wa nidhamu. Viboko havizidi vinne kwa wakati mmoja. Anayechapa ni mkuu wa shule, au mwalimu aliyemteua kwa maandishi. Mwanafunzi wa kike huchapwa na mwalimu wa kike, isipokuwa kama shule haina mwalimu wa kike. Kila adhabu huandikwa kwenye kitabu maalumu: jina la mwanafunzi, kosa, idadi ya viboko na jina la aliyechapa, na mkuu wa shule hutia saini. Mwalimu anayekiuka huchukuliwa hatua za nidhamu, na Tume ya Utumishi wa Walimu, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2015, ina mamlaka kuanzia onyo hadi kumfukuza kazi. Sasa mtoto akishaona fimbo mezani, ataongea Kiingereza gani?

Kuhusu alama. Ushauri wetu kwa walimu ni kwamba alama ya kikundi isinakiliwe kwa kila mwanakikundi kana kwamba wote wamefanya sawa; toeni maswali mafupi ya mtu mmoja mmoja baada ya kazi, na hayo ndiyo yaingie kwenye daftari la maendeleo. Na wale wazazi wanaosema mtoto wao mwenye akili "anaburuzwa" na wenzake, wamuulize amwelezee mdogo wake sebuleni jambo lolote kwa Kiingereza. Wataona alichokuwa anadhani anakijua.

Fedha za manila na maka peni ni jambo fupi: mwanafunzi hazuiwi kuingia darasani kwa sababu hakuleta mchango.

Mzazi mwenye lalamiko aanze na mwalimu wa somo, kisha mwalimu wa taaluma, kisha mkuu wa shule. Asiporidhika, aandike kwa Bodi ya Shule, na baada ya hapo kwa Afisa Elimu Sekondari wa halmashauri. Aeleze tarehe ya kipindi, kazi iliyotolewa na kile ambacho mtoto alifanya yeye mwenyewe, na aambatishe nakala ya ukurasa wa daftari. Nakala ya barua inaweza kuletwa kwetu Uthibiti Ubora. Barua isiyotaja shule, kidato wala mkondo tunaipokea na kuigonga muhuri, ila hatuna pa kuipeleka.